Kinyama Kidogo, Jibu Kubwa

Kama redio yako iko jikoni saa hii, na kama uko Ibighi au kwingine kokote katika wilaya ya Rungwe, haitashangaza kukuta mtu hapo karibu anamenya ndizi mbichi. Mwangalie mikono. Kabla hajashika kisu amejipaka mafuta viganjani, kwa sababu anajua utomvu wa ndizi ukimkaukia utakuwa mweusi, na sabuni haitautoa leo wala kesho. Ukidondokea shati jeupe la shule, shati hilo ndio basi tena. Mama zetu wanalijua jambo hili tangu zamani. Swali ambalo mimi nilichelewa sana kujiuliza ni hili: utomvu huo unakaa wapi? Ndizi nzima ukiibonyeza haitoi kitu. Ukiikata tu, unachuruzika.

Unakaa ndani ya seli zake maalumu, zilizojipanga mstari, moja nyuma ya nyingine, kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara wameshikana mashati. Mistari hiyo imepita kwenye ganda, kwenye jani, mpaka kwenye gogo la mgomba. Kisu kinapopita kinazipasua kwa wingi, nazo zinamwaga kilichomo, na kikikutana na hewa kinageuka rangi. Ukichukua ganda hilo ukalikata kipande chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ukakiweka chini ya hadubini, utaiona hiyo mistari kwa macho yako.

Elimu ya kutazama vipande vyembamba namna hiyo, vya mmea, vya mnyama na vya binadamu, wataalamu wanaiita histolojia. Sisi tunaijua kwa jina letu: kupima nyama. Utasikia mtu anasema, "Wamemkata kinyama, wamekipeleka kupimwa." Akishasema hivyo anashusha sauti, na wanaomsikiliza wanainamisha kichwa, kana kwamba mgonjwa ameshahukumiwa. Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya kinyama hicho. Kinakwenda wapi, kinafanywa nini huko, na kwa nini wakati mwingine kinarudi bila jibu.

Jina histolojia limetoka kwenye neno la Kigiriki linalohusu kitambaa na kitanda cha mfumaji. Waliolitunga waliona kwamba mwili umefumwa. Na Kiswahili, kwa njia yake chenyewe, kilifika palepale: tunasema mfumo wa damu, mfumo wa chakula, mfumo wa fahamu, na mfumo ni neno la kufuma. Mfaransa mmoja, Xavier Bichat, aliyefariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30 tu, alizitaja aina 21 za tishu zinazofuma mwili wa mtu. La ajabu ni kwamba hakutumia hadubini. Hadubini za wakati wake hakuziamini. Alipasua maiti kwa mamia, akachemsha, akaloweka, akakausha, akagusa kwa vidole. Walikuja wengine baada yake wenye vioo bora, wakaona kwamba kila uzi wa kitambaa kile umetengenezwa kwa seli.

Mimi seli ya kwanza niliiona sekondari. Shule yetu ilikuwa na hadubini moja, na sisi tulikuwa wengi, kwa hiyo tulipanga foleni kama ya kisimani. Mwalimu wa baiolojia alikuwa amebandua ile ngozi laini iliyo kati ya tabaka mbili za kitunguu, ile inayong'aa kama karatasi ya nailoni, akaidondoshea iodini. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikafumba jicho moja, nikaona kope zangu mwenyewe. Mwalimu akanishika bega, akanizungushia kirungu taratibu, na ghafla pakatokea mkeka. Vyumba virefu vimelaliana kwa mpangilio, na ndani ya kila chumba kidoa kimoja cha mviringo, ambacho ndicho kiini. Nilitaka kubaki pale. Wenzangu nyuma wakaanza kunivuta.

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu. Alichukua ndizi mbichi, mbalaga, akaikwangua kidogo kwa wembe, akaweka ule ute kwenye kioo na tone la iodini. Tuliona punje nyingi za bluu iliyokolea mpaka nyeusi, zimejaa ndani ya seli kama mahindi kwenye gunia. Huo ni wanga. Halafu akachukua ndizi iliyoiva, akafanya vilevile. Magunia yalikuwa karibu matupu, punje moja hapa, nyingine kule. Wanga umegeuka sukari. Kitu ambacho ulimi wangu ulikuwa unakijua tangu utotoni, jicho langu lilikiona siku ile. Nikaanza kuamini kwamba hata mambo ya mwili wa mtu yanaweza kutazamwa hivyo, na kujibiwa.

Hapa kwetu, kabla hujafika kwa mtu, unapita kwa ng'ombe. Rungwe ni nchi ya maziwa. Ukiamka alfajiri unakutana na vijana wamebeba madumu kuelekea kituo cha kukusanyia. Ng'ombe mmoja wa bandani ndiye ada ya shule, ndiye matibabu, ndiye mbolea ya mgombani. Siku ng'ombe huyo akikataa majani, akapandisha homa, na tezi iliyo chini ya sikio ikavimba mpaka unaiona toka mlangoni, mfugaji anajua jina la hofu yake: ndigana kali. Inaletwa na kupe wanaopenda kukaa masikioni.

Mtaalamu wa mifugo aliyefundishwa vizuri hatibu kwa kukisia. Anachoma sindano kwenye ile tezi, anavuta majimaji kidogo, anayapaka kwenye kioo, anayaacha yakauke na kuyatia rangi. Chini ya hadubini anatafuta seli nyeupe za damu ambazo ndani yake kuna vidoa vya bluu vilivyokusanyika. Akiviona, ameshamaliza ubishi. Vidoa hivyo mpaka leo vinaitwa miili ya Koch, kwa jina la Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1897 na kuviona katika ng'ombe wa pwani yetu. Wakati ule aliuchanganya ugonjwa huu na mwingine wa Marekani, na ilichukua miaka kadhaa mpaka watafiti waliokuwa kusini mwa Afrika wakautenga. Lakini vidoa alivyovieleza vilikuwa vya kweli, na mtu aliyeona vizuri akaeleza vizuri huwasaidia hata wale wanaokuja kumsahihisha.

Sasa twende kwa mtu, na twende mtoni. Mito yetu, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, inashuka kwa kasi kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa. Wageni wanakuja kupiga picha pale Daraja la Mungu na Kijungu, maji yanapopiga mawe na kutoa povu. Povu hilo hilo lina oksijeni nyingi, na nzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo huhitaji maji ya namna hiyo ili mabuu yake yaishi. Anauma mchana, karibu na mto. Wanaokwenda kuchota maji, kuoga, kulima kandokando, ndio chakula chake. Akiuma anaweza kukuachia mabuu ya mnyoo, na ugonjwa huo tunauita usubi.

Wazee wanaukumbuka kwa kuwashwa. Kuwashwa ambako mtu analala na kigae cha chungu au gunzi la hindi pembeni ya kitanda ili ajikune. Ngozi inakuwa ngumu na yenye mikunjo, kama ya mjusi. Miundi ya miguu inapoteza rangi kwa madoa, kama ngozi ya chui. Juu ya nyonga panatokea kinundu kigumu kinachoteleza ukikisukuma kwa kidole. Kwa wengine ugonjwa unapanda mpaka machoni, ndiyo maana dunia nzima unajulikana kama upofu wa mtoni.

Mji wetu wa Tukuyu ni moja ya maeneo ya Tanzania yaliyojulikana kwa muda mrefu kuwa na usubi, na hapa mjini kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ugonjwa huu, kwa miaka mingi, ulipimwa kwa kinyama kweli. Mpimaji alisafisha ngozi ya nyongani kwa spiriti, akainyanyua kwa ncha ya sindano, akakata kile kilichonyanyuka kwa wembe, au akatumia koleo dogo lenye mdomo wa duara. Kipande hicho kina uzito wa miligramu moja au mbili. Ukikiweka kwenye ukucha hukioni vizuri. Damu haitoki, au inatoka kama ya mwiba. Kipande kinawekwa kwenye kishimo cha sahani ya plastiki chenye maji ya chumvi, kinaachwa kwa saa kadhaa, hata usiku mzima. Halafu mpimaji anatazama.

Nikuambie kinachoonekana. Kipande cha ngozi kimetulia katikati kama kisiwa, na kandokando yake vijinyoo vinaogelea, vinajinyonga, vinajikunja kama uzi unaopeperushwa. Kila kimoja kina urefu wa karibu theluthi moja ya milimita. Vilikuwa ndani ya ngozi ya mtu, vikatoka vyenyewe kutafuta nafasi. Mpimaji anavihesabu kimoja kimoja, anaandika namba kwenye daftari mbele ya jina. Mgonjwa aliyeambiwa miaka yote kwamba amerogwa, au kwamba haogi vizuri, akiruhusiwa kuinama na kutazama kwenye kile kioo, hahitaji hotuba tena.

Na kile kinundu cha nyongani? Humo ndimo wanamokaa wazazi. Mnyoo jike anaweza kufikia urefu wa sentimita 50 na kuishi miaka zaidi ya 10, amejiviringisha humo ndani na kuzaa vijinyoo hivyo kila siku. Kinundu kikitolewa na kukatwa vipande vyembamba, huoni mnyoo mrefu. Unaona miduara. Fikiria umechukua bunda la uzi wa kufumia ukalipasua kwa kisu kikali: uzi ni mmoja, lakini uso wa bunda utakuonyesha ncha nyingi. Ndivyo kinundu kilivyo. Mtaalamu anaisoma miduara hiyo na kusema huyu jike yuko hai au amekufa, tumbo lake la uzazi lina mimba au ni tupu.

Kusoma huko kumeleta tiba, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Dawa tunayoimeza kila mwaka, ile ambayo mgawa dawa wa kijiji anakuja na fimbo ya kupimia urefu ili ajue akupe vidonge vingapi, ni ivermectin. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kuitoa bure kwa ajili ya usubi, na mwaka 2015 William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoizaa. Dawa hiyo inaua vijinyoo vya kwenye ngozi. Wazazi haiwaui. Ndiyo sababu unaambiwa umeze tena mwaka ujao na mwaka mwingine: unasubiri mnyoo azeeke. Anayeacha kwa sababu haoni upele tena, ametazama ngozi ya juu tu.

Lakini katika miaka ya 1970, watu waliokuwa wakitazama minyoo ya jamii hii kwa hadubini ya elektroni waliona ndani ya tishu zake bakteria wadogo sana. Kwa muda mrefu hawakupewa uzito. Karibu na mwaka 2000 watafiti wakajaribu kuwaua bakteria hao kwa doksisaiklini, antibiotiki ya kawaida iliyoko kwenye maduka ya dawa, wakiwapa wagonjwa kwa majuma kadhaa. Walipovitoa vinundu na kuvikata, matumbo ya majike yalikuwa matupu. Mnyoo alikuwa hawezi kuzaa bila wapangaji wake. Doksisaiklini haigawiwi kijiji kizima, kwa sababu inamezwa kila siku kwa wiki nyingi na haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Hata hivyo njia ilifunguka, na aliyeifungua ni mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama miduara.

Nimesema kinundu kikikatwa vipande vyembamba. Wembamba huo ni upi? Nataka nikueleze, maana hapa ndipo familia yangu ilipojifunza kwa uchungu.

Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuharibika papo hapo. Si wadudu wa nje tu. Seli zenyewe zina vimeng'enya vyake, na damu ikishakoma kufika vinaanza kuzitafuna. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya lolote, ni kukitumbukiza kinyama kwenye formalini. Kiwe kinaogelea, dawa iwe kama mara kumi ya ukubwa wake. Formalini inazigandisha seli zibaki kama zilivyokuwa dakika ile. Kikifika maabara, maji yote yanatolewa kwenye kinyama kwa kukipitisha kwenye alkoholi, kali kidogo, kali zaidi, kali kabisa. Kisha kinazamishwa kwenye nta iliyoyeyuka, nta inaingia kila mahali palipokuwa na maji, na ikipoa una kipande kigumu kama sabuni ya mche. Hapo unaletwa mtambo wenye kisu, nao unakata vipande vya unene wa sehemu tatu, nne au tano kati ya elfu moja za milimita. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hivyo kwa zaidi ya mara kumi. Vipande vinatoka vimeshikana kama utepe. Fundi anauelekeza utepe kwa brashi mpaka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, unatandazika juu ya maji, anauopoa kwa kioo. Nimeona kazi hii ikifanywa. Anayeifanya hazungumzi, na dirisha limefungwa, kwa sababu upepo kidogo tu unatosha kuupeperusha.

Kipande hicho hakina rangi. Ni kama kivuli. Kwa hiyo kinatiwa rangi mbili. Ya bluu inaitwa hematoksilini, nayo asili yake ni mti, gogo la mti wa Amerika ya Kati ambao Wahispania waliupeleka Ulaya kwa ajili ya kupaka vitambaa. Ya pinki inaitwa eosini. Bluu inashika viini vya seli, pinki inashika vilivyobaki. Wafuma vitambaa na wapima nyama wametumia gogo moja.

Shangazi yangu alivimba tezi ya shingoni. Ilianza kama punje ya harage, ikawa kama yai la kuku wa kienyeji. Hakuwa na maumivu. Nyumbani kila mtu alikuwa na neno lake moyoni na hakuna aliyelitamka, lakini lilikuwa neno moja: kansa. Wapo waliomwambia asikubali kukatwa, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unatawanyika mwili mzima. Alikaa na ushauri huo miezi mitano. Tulipomshawishi, akakubali, kinyama kikachukuliwa. Sitataja ilikuwa wapi. Kikawekwa kwenye kichupa chenye maji ya chumvi, kwa sababu siku ile formalini ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyetuambia. Kilikaa siku nne kikisubiri wa kukipeleka mjini. Sisi tulisubiri wiki sita. Karatasi iliporudi ilikuwa na mstari mmoja: tishu imeharibika, haisomeki, sampuli irudiwe.

Msikilizaji, naomba uupime mstari huo. Mwanamke amekatwa shingo yake, amelala macho wiki sita, na anaambiwa aanze upya. Alikataa. Alisema, kwa utulivu kabisa, kwamba mwili wake si shamba la kila mtu kuja kuchuma. Nilimwelewa. Ilibidi mdogo wake atoke Kyela kuja kukaa naye siku tatu ndipo akakubali mara ya pili.

Safari hii tuliuliza. Tuliiona dawa ikimiminwa, tulisoma jina lake kwenye chupa, tukasafiri nayo wenyewe zile kilomita 70 hivi za kwenda Mbeya. Na jibu lilirudi. Haikuwa kansa. Ilikuwa kifua kikuu cha tezi. Kwa wema wa mtaalamu mmoja nilionyeshwa kile kioo. Katikati palikuwa na eneo la pinki lisilo na umbo, limeganda kama maziwa mgando, maana tishu hapo imeshakufa. Kulizunguka, seli zimesimama kama watu wanaozuia moto usivuke. Na kati yao seli kubwa mno, moja ina viini vingi, vimejipanga pembezoni kwa duara lisilofunga, kama bangili iliyoachia. Yule mtaalamu akagusa kioo kwa kalamu, akasema, "Hii bangili ndiyo inayotuelekeza kwenye kifua kikuu."

Shangazi alimeza dawa miezi sita, bila malipo, kama inavyotolewa nchini mwetu. Uvimbe ulikwisha. Yuko hai, analima, na kama anasikiliza anajua ninamzungumzia nani. Ninachoshindwa kukisahau ni kwamba jibu hilohilo la bangili lilikuwa tayari ndani ya kinyama cha kwanza. Liliozea kwenye maji ya chumvi.

Safari ya kinyama imewahi kuamua mambo makubwa kuliko ya familia yangu, tena hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alianza kuona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1958 aliandika juu yao. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari maili 10,000 kupita hospitali za Afrika Mashariki na nchi zilizo kusini yake, wakiuliza kila mahali ni nani amewaona watoto wa namna hiyo. Waligundua kwamba uvimbe ule unapatikana sehemu za joto na mvua, na katika nyanda za juu zenye baridi hauna makazi. Lakini ni wapima nyama wa Makerere, akina Jack Davies, Gregory O'Conor na Dennis Wright, waliouonyesha kuwa ni kansa ya seli za limfu. Kwenye kioo uwanja wote ni wa bluu nzito, seli zimebanana, na katikati yake kuna seli kubwa nyeupe zilizotawanyika, zinazokula mabaki ya zilizokufa. Wataalamu wa dunia nzima wanaufananisha na anga lenye nyota. Picha hiyo ilisomwa Kampala.

Vinyama kutoka kwa watoto hao vilianza kusafirishwa kwa ndege kwenda London, kwa Anthony Epstein, aliyekuwa anatafuta kirusi ndani yake. Miaka miwili hakupata kitu. Siku moja mwishoni mwa 1963, ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester badala ya London, na kichupa kikachelewa. Kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angesema kimeoza, akakimwaga. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, akaona si uozo: ni seli za uvimbe, hai, zimechomoka kwenye kinyama na zinaelea. Akazikuza. Mwaka 1964, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Kirusi hicho kinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Seli zilikuwa za mtoto wa Uganda.

Tofauti ya kichupa kile na cha shangazi yangu si umbali. Cha kwanza kilivuka bara, kikachelewa, na bado kilipata mtu aliyekijali. Cha pili kilikuwa na kilomita 70 tu za lami.

Kwa hiyo ninawaomba wakubwa wa afya wa wilaya na mkoa: formalini isiwe kitu cha kukosekana. Si dawa ya gharama, na ikikosekana, kazi ya daktari, ya fundi wa maabara na maumivu ya mgonjwa vyote vinamwagika pamoja. Na wewe msikilizaji, siku wewe au mzazi wako mkiambiwa kwamba itabidi kichukuliwe kinyama, kubali. Kukikataa hakuuzuii ugonjwa kutembea. Kunakunyima jina lake tu. Ila kabla hujatoka chumba kile, uliza kwa heshima na kwa sauti inayosikika: chupa ina formalini? Imeandikwa jina langu? Inaondoka lini hapa, majibu yanarudi lini, na ni nani atakayenisomea? Subiri ujibiwe yote. Ni nyama yako.